Daftari la Meli Tatu

Mvua ya Tukuyu haina adabu, inaingia hata kwenye hesabu.
Nilipiga mistari nyuma ya daftari la kikoba,
pale tunapoandika faini za waliochelewa:
nauli, chumba, na safari yenyewe ilivyo.
Mama alikuwa anamenya ndizi. Akauliza,
"Safari yenyewe unaiandikaje kabla hujasafiri?"
Nikasema, watu wameniambia.
"Haya. Andika ya watu."

Ruhuhu, ya serikali. Elfu arobaini daraja la kwanza.
Kitanda cha juu, kitanda cha chini, neti yenye tundu
(kasema Tumpe, aliyepeleka vitenge Mbamba Bay),
feni inayozunguka ikijisikia,
supu ya kuku aliyekufa kwa uzee.
Lakini nahodha wake hupiga honi mbele ya kila kijiji
kama mtu anayepita ukweni.

Mbasa, ya tajiri mmoja. Elfu tisini na tano.
Choo ndani, kioo, taulo limekunjwa umbo la bata,
runinga inahubiri usiku kucha na kitufe cha kuizima hakipo.
Lupingu haisimami. Manda haisimami.

Chambo, ya ng'ambo, inalipwa kwa kwacha,
inakuja Alhamisi, au Alhamisi nyingine.
Vyumba vyake sikupata aliyeviona.
Wote walilala sitahani juu ya magunia ya mahindi,
na wote walinisimulia kwa uso
wa mtu aliyewahi kupendwa.

Nikajumlisha, nikagawa. Maparachichi yalilipa kabla ya Pasaka.
Mama ana miaka sabini na mmoja,
ujana wake wote ameuza mchele Kyela
akiliona ziwa kama unavyoiona nyumba ya jirani:
paa, moshi, sauti za watoto. Ndani hajaingia.
Nikachagua Mbasa. Niliipigia mstari mara mbili.

Tukateremka Itungi, joto likituvua sweta njiani.
Dirishani pa tiketi Haule alikuwa anakula karanga.
Mbasa? Imezuiwa, mambo ya kodi.
Chambo? Akacheka, akanimiminia karanga kiganjani.
Ruhuhu ile pale mnaiona,
ila pampu yake iko Mbeya kwa fundi, na fundi yuko msibani.

Mama hakusema kitu. Akaenda gatini,
akaigonga Ruhuhu ubavuni kwa konzi, akatega sikio,
kama anavyogonga vyungu vya Wakisi
mnadani Matema, akitafuta ufa.
Akasogea hatua tatu, akagonga tena.
Mlinzi, Komba, alikuja na ukali wake wote,
akamkuta amefumba macho,
naye akasimama kungoja jibu.
"Hiki hakivuji," mama akasema.

Elfu kumi, bila risiti. Chumba namba nne.
Juu mimi, chini yeye.
Tumpe hakudanganya kuhusu neti.
Supu haikuwapo, tulikula mbasa wa kuchoma, yule samaki,
kwenye gazeti, na mafuta yakasoma habari zote.
Usiku maji yalituinua kidogo, yakaturudisha,
kamba ikaguna, yakatuinua tena.
"Lupingu tunafika saa ngapi?"
Gizani sikuuona uso wake, sikujua anatania au vipi.
Nikasema, alfajiri.
"Wakipiga honi uniamshe."

Saa kumi na moja nilishuka pekupeku kumtafuta Komba.
Honi inataka hewa, dada, na hewa inataka injini.
Akajipapasa mifukoni. Alikuwa na filimbi,
ya kuchezeshea mpira wa vijana Jumapili.
Akapanda sitahani, akavaa kofia yake vizuri,
akapuliza mara moja, ndefu, kuelekea milimani.

Mama aliinuka, akafuta kidirisha cha mviringo kwa khanga.
Magunia ya kakao. Stoo ya mabati.
Haule anafungua dirisha lake, anapiga miayo.
Mama akampungia mkono, naye Haule akapunga.
"Lupingu," akasema, "wamejenga stoo kama ya Itungi."
Akajilaza, akavuta shuka hadi kidevuni.
"Tukifika Manda uniamshe tena."